Kisu Kilichorudishwa Dukani

Mama Hakiki hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa kazini, na kama angeambiwa alivue angegoma. Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo katika ghala la duka la jumla. Lori likiingia uani, yeye ndiye aliyesimama mlangoni, miguu ameitanua, kalamu sikioni, na ole wake dereva aliyemchangamkia kupita kiasi. "Mbona unacheka? Umeleta nini leo?" Hivyo ndivyo alivyoitikia salamu. Madereva walimwita shangazi akiwa karibu na mnoko akiwa mbali, naye alijua yote mawili na hakuumia hata kidogo.

Ghalani kulikuwa na desturi iliyofuatwa bila mjadala: katika kila shehena, kitu kimoja kinapasuliwa. Sabuni inakatwa katikati ionekane kama ndani nako ni sabuni. Kiatu kinabanduliwa soli. Godoro linachanwa tumbo. Kilichopasuliwa kinahesabiwa hasara na hakuna anayekililia, maana kimetolewa kafara kwa ajili ya wenzake. Mama Hakiki alikuwa bingwa wa kupasua. Aliwahi kuuvunja mwavuli mmoja, akakuta vijiti vya plastiki vilivyopakwa rangi ya chuma, na shehena nzima ikageuzwa ikarudi ilikotoka. Meneja alimpa mkono mbele ya watu. Tangu siku hiyo shaka kwake haikuwa tabia tena, ilikuwa cheo.

Ubaya ni kwamba cheo hicho alikwenda nacho mpaka nyumbani. Alinusa maziwa ambayo ameyakamua mtu anayemjua. Alimwomba fundi saa aifungue saa mbele ya macho yake na aifunge mbele ya macho yake. Mumewe, mtu mpole asiyependa makelele, alikuwa ameshazoea kuulizwa alikotoka hata akiwa ametoka chooni.

Aliyechoka kwanza alikuwa mdogo wake. Huyu alikuwa dereva wa gari la maziwa, mcheshi, mwanamke wa kupiga mluzi akiwa kwenye usukani. Kila kiangazi alipanda mlimani na wenzake wawili wa kazini, wakalala huko kwenye mahema siku kadhaa, wakashuka wakinuka moshi na wamefurahi. Mwaka juzi alimchukua dada yake. Wenzake walipokwenda kuteka maji, Mama Hakiki akafungua mabegi yao kuona kama kila mmoja ameleta chakula cha kumtosha, au kuna waliokuja kula vya watu. Walimkuta mikono imezama mpaka viwiko ndani ya begi lisilo lake. Hakuna aliyemtukana. Walikula kimya, wakashuka kimya, na kiangazi kilichofuata hakualikwa.

Kiangazi hicho ambacho hakualikwa, mdogo wake alirudi na mkono umefungwa bandeji. Alikuwa akichana kuni kwa kisu, mvua ikiwanyeshea, na mpini ukamgeuka kiganjani. Bapa likaingia. Daktari alishona alichoweza, lakini vidole viwili vya mwisho vimekataa kukunjika mpaka leo. Gari analiendesha, ila ukimpa kikombe cha chai anakishika kwa uangalifu, kama cha jirani. Mama Hakiki alilia siku ile, kisha akafuta machozi, akasema ningekuwepo mimi kisu kile kisingepanda mlima. Alisema hivyo mara nyingi mno, na ubaya wake ni kwamba ilikuwa kweli.

Mwaka huu mdogo mtu akaja mwenyewe, akaketi jikoni.

"Dada, safari hii twende wote."

Machale yakamcheza Mama Hakiki. "Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni dada yangu."

"Hata mwaka jana nilikuwa dada yako."

Mdogo wake akacheka mpaka akashika meza. "Haya, umenishika. Sikiliza basi. Kila mtu analeta kitu kimoja cha kutumia wote. Wewe lete kisu. Sitaki cha kukunja, nataka kilichosimama, cha kuchania kuni na kukatia kamba. Kisiwe cha bei ya kuua mtu, sisi si matajiri. Ila mpini, dada. Nataka mpini ambao hautanigeuka. Nimewaambia wenzangu hakuna anayejua kuchagua kitu kama wewe. Wamekubali kwa shingo upande, sikufichi. Ukiharibu safari hii, mimi sina tena neno la kuwaambia."

"Nitaleta kisu," akasema Mama Hakiki, na moyoni akajiona ameitwa kazini.

Alianza kutafuta siku ya pili yake. Muuzaji wa kwanza alimwambia kisu chake kimetengenezwa kwa chuma cha jeshi. "Jeshi gani?" Muuzaji akapata kigugumizi. Wa pili alikuwa na visu vya mpini wa mbao, vizuri kweli, vinang'aa nta. Mama Hakiki aliukwangua mpini mmoja kwa ukucha na chini ya nta akakuta ufa. Wa tatu alimvika kilemba cha ukoka, akamwambia mama mwenye jicho kama lako hawezi kukosea, na kwa maneno hayo akapoteza mteja papo hapo. Kingine kilikuwa na ncha iliyopinda. Kingine kilikuwa kizuri kila mahali, lakini bei yake ilikuwa ya watu wanaopanda milima kwa helikopta.

Mwisho akafika kwa muuza mahema. Duka lake lilikuwa jembamba, limebanwa kati ya kinyozi na fundi simu, limejaa turubai na kamba mpaka darini. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, miwani ameifunga kwa uzi, na hakuinuka mteja alipoingia.

"Visu viko rafu ile, mama. Kile cha mpini mweusi wengi wanakipenda."

Mama Hakiki alikishika. Bapa nene la kadiri, urefu wa kiganja na kidogo, halina madoido. Ala ngumu yenye kitanzi cha kuvalia mkandani. Mpini ulikuwa wa mpira mgumu wenye mikwaruzo ya kuzuia mkono usiteleze. Akauliza bei. Aliposikia, akakirudisha rafuni haraka.

"Mbona rahisi?"

"Hakina urembo. Ukiondoa urembo kinachobaki ni chuma."

"Na hicho chuma kimeishia wapi? Maana mpira umefunika kila kitu. Huenda ndani kuna kipande kifupi tu kimechomekwa."

"Kimepita mpaka mwisho wa mpini."

"Umeona?"

"Nimeambiwa na wanaovileta."

Mama Hakiki akaguna. Guno lile madereva wa malori walilijua vizuri.

"Kichukue ukakitumie," akasema muuza mahema. "Usipokipenda, nirudishie nikupe kingine."

"Na nikikiharibu?"

"Utaniambia."

"Na nisipokuambia?"

Yule bwana alivua miwani, akalifikiria swali hilo kwa dhati. "Basi hutakuwa umeniambia," akasema.

Wakiwa katika mazungumzo hayo akaingia kijana mwenye blanketi la kulalia kambini, akasema linavuja pamba. Muuza mahema alilipokea bila kulikunjua, akalitupa nyuma ya kaunta, akampa jingine. Yule kijana akashukuru akaenda zake. Mama Hakiki alibaki ameduwaa. Mtu huyu ama ni mjinga, alijisemea, ama ni mwizi wa aina ambayo sijawahi kukutana nayo. Na wajinga hawadumu na duka. Alinunua kile kisu kwa sababu moja tu, alitaka kumkamata.

Nyumbani alikitesa. Alikatia kamba mpaka kamba ikaisha. Alichania kuni uani, akipiga mgongo wa bapa kwa gogo, majirani wakachungulia. Alikiloweka kwenye ndoo, akakitumia kikiwa kibichi, mpini haukusogea. Makali yalipungua kidogo tu, akayanoa mara moja yakarudi. Kisu kilifaulu kila mtihani, na huko kufaulu ndiko kulikomkosesha raha. Kitu cha bei ile hakina haki ya kuwa kizuri hivyo. Wamebania mahali. Wapi? Palibaki mahali pamoja tu ambapo jicho lake halijafika.

Jumapili mchana, meza ya jikoni ikiwa imefutwa, alichukua wembe wa kazini, akaupasua mpini kwa urefu, taratibu, kando ya mshono wa mpira, kama alivyopasua vitu maisha yake yote. Akaubandua. Chuma kilikuwa pale. Kizima, kipana, kimenyooka kutoka kwenye bapa mpaka kwenye kitako, na tundu lake la kupitishia kamba. Muuza mahema alikuwa amesema kweli.

Mumewe akaingia kuchukua maji ya kunywa, akasimama.

"Umefanya nini?"

"Nimekagua."

"Enhe?"

"Ni kizuri."

"Kilikuwa," akasema mumewe, akanywa maji yake akatoka.

Hapo ndipo lilipomwingia. Ghalani, ukipasua kimoja, vinabaki mia. Lakini hii ilikuwa shehena ya kisu kimoja, na kafara yenyewe ndiyo mali yote. Watu wengine wanaponunua kisu hukitumia. Yeye alikipokea kama mzigo.

Alikasirika, na kwa kuwa hakutaka kujikasirikia mwenyewe alimkasirikia muuza mahema. Si angemwonyesha kilichopasuliwa tayari? Duka gani lisilo na sampuli? Hasira hiyo ilimsaidia kufanya kilichofuata. Akatoa gundi ya viatu, ile nzito ya manjano, akapaka, akarudisha mpira, akakaza kwa uzi, akauacha ukauke. Mkono wake haukuwa wa kazi mbovu. Ulipokauka akaufungua uzi, na mpasuko ukazama ndani ya mshono hata yeye mwenyewe akawa anautafuta. Lakini gundi ile na maji haviivani, hilo alilijua fika, alishawahi kukataa shehena ya viatu kwa sababu hiyo hiyo.

Alikirudisha dukani Jumatatu baada ya kazi, majibu yake ameyapanga kichwani. Akiulizwa mshono una nini, atasema ulikuja hivyo. Akibishiwa, atapandisha sauti.

"Nimekuja kubadilisha. Mpini haujakaa sawa."

Muuza mahema alikipokea, akakiweka rafuni pamoja na vingine, akachukua cha pembeni yake akampa. "Safari njema, mama."

Hakuuliza. Hakukitazama. Mama Hakiki alitoka na majibu yake yote mazima mdomoni, na njiani alijicheka kwa ushindi. Kumbe ni mjinga tu! Akapiga hatua za mtu aliyeshinda kesi, ingawa ushindi wenyewe ulikuwa na ladha ya chai iliyosahauliwa sukari.

Jioni ile mdogo wake alipita kuona kisu. Alikichomoa alani, akakikamata kwa mkono ule wa vidole vigumu, akakibana, akakizungusha. Mpini ukatulia kiganjani. Uso ukamfunguka.

"Dada, hiki sasa ni kisu."

"Nilikuambia."

"Unajua, kile kilichonikata sikuwahi kukilaani. Ila yule aliyeniuzia huwa namfikiria. Sijui kama alijua." Akakirudisha alani. "Kama hakujua, basi. Lakini kama alijua, sijui anaamkaje."

Mdogo wake aliyasema hayo hewani, akahamia kwenye habari za mahema. Mama Hakiki hakusikia tena chochote. Alikiona kile kisu kingine kwenye rafu, katikati ya wenzake wazima, bei ndogo, mpini mweusi, kinamngoja mtu wa kupanda mlima siku ya mvua. Alijua. Hapakuwa na mjadala kama alijua au hakujua.

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, jambo lililowashtua wote, akachapa mguu mpaka dukani, kisu kizima kikiwa ndani ya mkoba. Rafuni palikuwa na pengo.

"Kile cha jana nilichorudisha kiko wapi?"

"Amekichukua fundi bomba, sasa hivi tu. Yule pale kwa muuza kamba."

Alimkuta fundi bomba, bwana mnene mwenye ovaroli, akivuta kamba kuona kama itakatika. Alikuwa akijiandaa kupanda mlima na shemeji zake. Kisu kilikuwa mkandani.

"Kaka, samahani. Hicho kisu ulichonunua, naomba nikupe hiki unipe hicho."

Fundi bomba alimtazama. "Kwa nini?"

"Hiki ni kizuri zaidi."

"Basi kaa nacho."

"Sikiliza, ni kisu kile kile. Duka lile lile. Bei ile ile."

"Kama ni kile kile tubadilishane ya nini?" Alikichukua cha Mama Hakiki, akakipima mkononi, akaukwangua mpini kwa ukucha, akaunusa, akakiinua kwenye mwanga. "Hiki kina nini?" akauliza. Mama Hakiki aliujua utazamaji ule. Alikuwa ameuvaa miaka yote mbele ya malori, na hakuwahi kufikiri unavyomkalia anayetazamwa. Unaudhi. Unamfanya mtu mwenye haki ajisikie ameiba.

"Hicho chako ndicho kibovu. Mpini wake umebandikwa."

Fundi bomba akakichomoa chake, akavuta mpini, haukusogea. Mama Hakiki naye akauvuta kwa nguvu zake zote, jasho likamtoka, mpini ukabaki pale pale. Kazi yake ilikuwa nzuri mno. Muuza kamba akaanza kucheka.

"Mpaka uloe," akasema Mama Hakiki. "Ukiloa utakugeuka mkononi, utakukata."

"Umejuaje?"

Akapiga moyo konde. Akayasema yote pale barabarani, kwamba alikipasua mwenyewe kwa wembe, akakigandisha kwa gundi ya viatu, akamdanganya mwenye duka. Uso ulimwaka moto. Alipomaliza alitarajia matusi. Fundi bomba alikunja tu mikono kifuani.

"Mama, mimi nimeuziwa mabomba mabovu na watu waliokuwa wanalia machozi kabisa. Mtu hajisemi hivyo bure. Sema unachotaka."

"Sitaki kitu! Nataka usijikate!"

"Mimi ni nani kwako?"

Mama Hakiki akamshika mkono wa ovaroli, akamburuta mpaka dukani, fundi akimfuata kwa sababu sasa alitaka kujua utapeli huu unaishia wapi. Mbele ya kaunta Mama Hakiki akayarudia yote kwa muuza mahema, safari hii sauti ikiwa ndogo.

Muuza mahema alisikiliza mpaka mwisho. "Badilishana naye," akamwambia fundi bomba. "Chukua chake."

"Umejuaje kwamba anasema kweli?"

"Kwa sababu amesema."

"Na jana alisema nini?"

Fundi bomba akachukua kisu kizima, akakikagua mara nyingine kwa usalama wake, akaenda zake bila kuaga.

Muuza mahema alibaki na kile kingine. Alipitisha kidole gumba juu ya mshono wa mpira, polepole, mara moja, mara ya pili, mpaka ukucha ukanasa kwenye mpasuko.

"Nilikiweka pale kwenye rafu," akasema. "Mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Nilikuambia ukikiharibu utaniambia. Ungesema tu, ningekupa kingine."

"Sikuamini kama ungenipa."

"Najua."

Hakumpandishia sauti, na hilo lilimuuma kuliko kelele. Mama Hakiki akaomba auziwe kisu kingine, akalipa bei kamili kwa fedha aliyoiweka ya viatu vya mlimani. Atapanda na vya ghalani, potelea mbali. Mdogo wake atapata mpini usiogeuka. Muuza mahema alimpa kisu, lakini safari hii hakukiachia mara moja.

"Hiki ukitoka nacho mlangoni, mama, hakirudi."

"Sawa."

Alikuwa bado anahangaika kukisukumiza mkobani pale mlangoni alipoingia mama mmoja wa rika lake, amebeba hema dogo kwapani, anahema kwa joto. Alilitua kauntani kwa mazoea ya mtu aliyezoea duka.

"Zipu imekufa. Nipe jingine kama kawaida yako."

Mkono wa muuza mahema ulikwenda juu kuchukua hema jipya. Ukasimama. Ukarudi chini. Akalivuta lile la zamani mbele yake, akalikunjua lote juu ya kaunta, akainamia zipu.

"Uliivuta kwa nguvu?" akauliza.

"Mimi?" Yule mama akacheka kidogo, kisha akaacha. "Leo vipi? Huniamini?"

Muuza mahema hakuinua uso. Mama Hakiki alitaka kusema kwamba zipu hufa zenyewe, kwamba mama wa watu hana kosa, lakini katika duka lile neno lake halikuwa na bei tena. Haya zilimpanda mpaka masikioni. Yule bwana alikuwa ameshaanza kupitisha vidole kwenye mishono ya hema, mmoja baada ya mwingine, hataki kuruka hata mmoja, na kwa jicho lake la ghalani Mama Hakiki aliona kwamba ameshaijua kazi.